Niliacha ziwa nikapata tumbo, na usingizi umenikimbia

Shikamoo Bibi Muuguzi.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Kigoma. Kwa miaka 17 nilikuwa mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Jioni tunatoka na kipe, chombo chetu cha kuvulia dagaa, tunawasha taa, tunavuta wavu usiku kucha, alfajiri tunarudi mwaloni kushusha mzigo, ndipo naenda kulala. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, basi tunakaa nchi kavu, tunashona nyavu na kupiga stori. Serikali ilipofunga ziwa kupumzisha samaki, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nikaona nisikae bure. Nikachukua akiba nikafungua kibanda cha uwakala wa fedha za simu, pembeni nauza vocha na soda. Ziwa lilipofunguliwa sikurudi. Biashara ilikuwa imeshika, na mke wangu alikuwa amechoka kulala peke yake akisikiliza upepo.

Kwa pesa tuko afadhali. Ila mwili huu si wangu. Nilikuwa na kilo 68, leo nina 91. Nafungua saa 1 asubuhi, nafunga saa 3 usiku, muda wote nipo kwenye kiti cha plastiki. Kwenda kazini napanda bodaboda ingawa kwa mguu ni dakika 25 tu. Asubuhi nakunywa chai vikombe viwili, sukari vijiko vinne kila kikombe, na chapati tatu. Mchana nikikumbuka naagiza wali maharage kwa mama ntilie, nisipokumbuka nakunywa soda. Kwa siku soda hazipungui mbili, na saa 10 jioni kinywaji cha kuongeza nguvu ili nisisinzie. Nikifunga napitia kijiweni, kahawa na kashata, halafu chipsi mayai. Nikifika nyumbani nakuta ugali wa muhogo na migebuka kwenye mawese. Naula wote, sahani ileile niliyokuwa nakula nikitoka ziwani.

Sasa kichwa. Usingizi unakuja saa 7 usiku, saa 9 nimeshtuka, moyo unapiga kama nimekimbizwa. Hasira ziko karibu, namfokea mtoto kwa kuangusha kikombe. Mwezi uliopita mteja alikuja kutoa 40,000 nikamhesabia 80,000, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa mahesabu ya kipe kizima kichwani bila karatasi. Jioni moja wakati nafunga niligeuka nikaona taa za wenzangu zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Machozi yakanitoka, sikujua nalilia nini. Siku nyingine natamani nilale nisiamke. Lakini hilo tuliache.

Nilipita duka moja la dawa nikitoka kubishana na mteja, kijana akanipima presha akasema 148 kwa 94, akaniuzia vidonge. Nilikunywa wiki moja, nikajisikia vizuri, nikaacha. Nikanunua pia chai ya kupunguza tumbo, nikaharisha siku tatu, tumbo liko palepale. Nilijaribu kukimbia asubuhi, siku ya pili goti likauma na watoto wa jirani wakawa wananihesabia hatua. Mama anasema wenzangu wa ziwani wamenitupia kitu kwa sababu niliwaacha, anataka anipeleke kwa mtaalamu wake. Mke wangu anasema nimenawiri, niache kujichunguza.

Bibi, naomba uniambie. Ni kweli chakula na mazoezi vinaweza kugusa mpaka kichwa, au ni maneno ya wenye gym? Na mawese niyaache? Maana kuacha mawese kwa mtu wa Kigoma ni kama kuhama mkoa.

Mvuvi wa zamani, Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia karatasi nzima kuhusu tumbo, katikati ukapenyeza maneno matatu, "natamani nilale nisiamke", kisha ukasema tuliache. Hatuliachi. Miaka yote niliyokaa wodini nimeona wagonjwa wanaeleza mafua kwa nusu saa, na jambo lililowaleta wanalitamka wakiwa wameshika kitasa cha mlango.

Kwa hiyo kabla ya ugali na mazoezi: leo usiku mwambie mke wako maneno hayohayo matatu, usiyapunguze. Wiki hii nenda hospitali ya mkoa, pale Maweni, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ueleze usingizi, hasira, kilio na hayo maneno. Hali hii ina jina, wataalamu wanaiita sonona, na inatibika. Kuwa nayo si kuwa kichaa wala si kukosa imani. Na ikitokea siku wazo limegeuka mpango, umeanza kufikiri utafanyaje na lini, usisubiri kupambazuke. Mwamshe mtu, asikuache peke yako, muende hospitali usiku huohuo.

Ukiwa hukohuko, presha. Kipimo kimoja cha mtu aliyetoka kugombana hakitoshi kumwita mgonjwa, tunasema presha ya kupanda pale inapofika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti. Kaa umetulia dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono umelala usawa wa moyo, na usiwe umetoka kunywa kahawa. Omba wapime na sukari ukiwa hujala. Kijana wa duka la dawa alifanya haraka kukuuzia vidonge na wewe ukafanya haraka kuviacha, sijui nani nimgombeze kwanza. Presha kwa kawaida haiumi. Kujisikia vizuri hakukuambii kama imeshuka, mashine ndiyo inayokuambia. Wakikuandikia dawa, unakunywa mpaka aliyekuandikia aseme basi.

Haya, tuje kwenye swali lako.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha pamoja na wenzake utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva amekaa siku nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Wanafanya kazi kwenye basi moja, lakini makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua haikuwa kali vile. Miaka mitatu baadaye wakaenda kuangalia hata sare, wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana zaidi. Mimi habari hiyo ya suruali huwa inanichekesha kila nikiikumbuka. Wewe umekuwa konda miaka 17, ukahamia kiti cha dereva, na sahani ukaondoka nayo vilevile, tena ukaiongezea chipsi ambazo ziwani hazikuwepo.

Ulipokuwa unavuta wavu, misuli ilikuwa inanyonya sukari kutoka kwenye damu na kuichoma. Mishipa ilikuwa inatanuka, moyo unasukuma bila kulazimishwa. Mtu mwenye presha akifanya mazoezi mara kwa mara, ile namba ya juu kwa kawaida hushuka kwa 5 hadi 8. Na ubongo unakula kutoka sufuria hiyohiyo, haupikiwi peke yake. Mwaka 1999 huko Marekani walichukua watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na kuendelea, wakawagawa: hawa dawa, hawa mazoezi, hawa vyote viwili. Baada ya wiki 16 nafuu ilikaribiana katika makundi yote, ila waliopewa dawa peke yake walianza kuiona mapema zaidi. Usichukue hiyo kama ruhusa ya kumkwepa daktari. Nimekuambia ili ujue wenye gym hawakuyatunga.

Ila kuna ndoto nataka nikutoe. Unatembea ili tumbo liishe, sivyo? Mwaka 2012 watafiti walitoa vipimo vya nguvu wanazotumia Wahadzabe kwa siku, wale jamaa zetu wa kule Ziwa Eyasi wanaowinda na kuchimba mizizi, watu wa mguu kutwa nzima. Walipolinganisha kwa ukubwa wa mwili, jumla haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili una ujanja wa kubana matumizi, ukitumia sana huku unapunguza kule. Tumbo lako sehemu kubwa limeingilia mdomoni, na tutalishughulikia mdomoni. Mwendo ni wa moyo, wa usingizi, wa hicho kichwa kinachohesabu 40,000 kuwa 80,000. Nimeona wanaume wengi wanatembea wiki mbili, wanapanda mzani, mshale haujasogea, wanaacha, na usingizi uliokuwa umeanza kurudi unaondoka nao. Usipande mzani mwezi wa kwanza. Hesabu saa ulizolala.

Kukimbia acha. Goti la kilo 91 halitaki mbio za ghafla. Asubuhi usipande bodaboda, tembea zile dakika 25, mwendo wa mtu anayewahi, unahema lakini unaweza kuongea. Siku 6 kwa wiki ni dakika 150, ndicho kima cha chini Shirika la Afya Duniani linachomtaka mtu mzima akipate. Tena unapata mwanga wa asubuhi usoni. Miaka 17 mwili wako ulizoea kulala jua likiwaka, unahitaji kufundishwa upya mchana ni upi. Usiku nisikudanganye utembee: wakala anafunga na fedha, panda bodaboda yako ufike salama. Ukiogopa watu watasema umefilisika, beba mkoba, watadhani unawahi benki.

Kibandani, kila mteja akija simama umhudumie. Hiyo tu. Mpaka jioni utakuwa umesimama mara ngapi?

Halafu, na hili ndilo nililolifikiria zaidi niliposoma barua yako. Ziwani hukuacha kazi peke yake. Uliacha wanaume sita saba uliokuwa unavuta nao kamba moja, unaocheka nao, unaoshona nao nyavu siku za mbalamwezi. Sasa siku nzima unaongea na watu kupitia kidirisha, "weka namba ya siri, thibitisha jina". Zile taa hukuzililia bure. Daktari akisharidhika na presha yako, mara mbili kwa wiki fika mwaloni mapema kabla hujafungua, wasaidie kuvuta kipe na kubeba ndoo za dagaa. Misuli inahitaji kazi nzito kidogo walau siku mbili kwa wiki, na wewe gym yako iko ufukweni, haina ada. Usibane pumzi unapovuta. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikatika isivyo kawaida, kaa chini na uende ukapimwe. Hata kabla ya ruhusa ya daktari, nenda tu ukae nao, kuongea hakuongezi presha, labda mkianza habari za Simba na Yanga.

Mawese sasa, maana najua ndiko ulikoruka kusoma kwanza. Usiyaache. Mawese yetu mekundu yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ndiyo hiyo rangi unayoiona. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, yasiyoupendeza moyo yakizidi. Na mafuta ni mafuta, yawe ya mawese au ya alizeti, kijiko kimoja kikubwa kina kama kalori 120. Tatizo la Kigoma ni kwamba tunamimina kutoka kwenye dumu. Mwombe mkeo apime kwa kijiko, vitatu kwa sufuria ya familia nzima, na siku nyingine apikie alizeti. Migebuka ikiwa ya chumvi, ilowekwe usiku na maji yamwagwe. Chumvi yote ya mtu kwa siku, pamoja na iliyojificha, isifike kijiko kimoja cha chai.

Kilichokupeleka kilo 91 zaidi ni hiki. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 8 au 9 vya chai. Soda mbili, zaidi ya 16. Chai yako, 8. Umeshafika 24 hatujagusa kile kinywaji cha kuongeza nguvu wala kashata, wakati inashauriwa mtu asizidi kama 6. Mwenye duka ana ugonjwa wake: anakunywa bidhaa bila kuona amenunua. Kuanzia kesho kila soda unayofungua toa hela mfukoni, iweke kwenye droo. Utashangaa kiu kitakavyopungua. Chai shuka hadi vijiko viwili wiki hii, kimoja wiki ijayo, ulimi unazoea.

Kahawa ya kijiweni baada ya kufunga ndiyo inayokaa na wewe mpaka saa 7 usiku. Kwa watu wengi, saa tano baada ya kunywa, nusu yake bado inazunguka mwilini. Mwisho wako uwe saa 8 mchana, na kile kinywaji cha saa 10 kiondoke kabisa. Mwanzoni utasinzia. Sinzia.

Chakula cha jioni usikingoje saa 4 usiku. Mtoto akuletee kibandani saa 1: dagaa, maharage, matembele au kisamvu, na ugali usiozidi ngumi zako mbili. Muhogo mtupu ni wanga, protini yake kidogo mno, ndiyo maana mboga iwe nyingi kuliko ugali, kinyume cha ulivyozoea. Dagaa mzima na mifupa yake anakupa protini na madini ya kujenga mifupa, tena wewe unamjua aliye mzuri kwa kumtazama. Asubuhi badala ya chapati tatu, moja na yai la kuchemsha, au maharage yaliyobaki jana, na papai. Ukifika nyumbani saa 3 na nusu, umeshakula. Chipsi mayai nakuachia Jumamosi, mimi mwenyewe siziachi.

Na hapa pia kuna ushahidi. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2017 ulichukua watu 67 wenye sonona. Wengine walisaidiwa kubadili chakula kwa wiki 12, wakala mboga, matunda, samaki, maharage na jamii zake, nafaka zisizokobolewa, wakapunguza vitamu na vya kukaanga. Wengine walipewa mtu wa kukaa na kuzungumza nao. Karibu theluthi moja ya waliobadili chakula walitoka kwenye sonona, upande wa pili ni 8 kati ya 100. Ni watu wachache, na wengi wao walikuwa na matibabu mengine pembeni, kwa hiyo sikuahidi muujiza. Lakini itazame hiyo orodha: nusu yake iko soko la Mwanga kila asubuhi.

Chai ya tumbo itupe. Imekutoa maji na choo, mafuta haijayagusa.

Mama usigombane naye. Anaona mwanawe amebadilika na ameona kweli, tofauti yenu ni jina la ugonjwa tu. Mwombe akuombee, na umwambie utaanzia hospitali. Akisisitiza dawa za kunywa za mtaalamu wake, usichanganye na vidonge vya presha bila kumwonyesha daktari. Na wewe mke wa bwana huyu, kama unasoma: kunawiri ni neno zuri, lakini muulize usiku huwa anaangalia dari kwa muda gani.

Usingizi ndio ninaotegemea uanze kurudi, kabla ya hasira, na tumbo litakuwa la mwisho kuondoka. Jumatatu mtafute mtu wa kukushikia kibanda nusu siku, usile asubuhi, uende ukapime. Majibu ya sukari na presha niandikie. Na uniambie kati ya wenzako wa kipe ni nani uliyempigia simu.

Bibi Muuguzi